Kabla Hujanunua Turbo, Soma Karatasi ya Muda

Msomaji mmoja wa Nakuru ameandika hivi:

"Habari yako fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004 kutoka Japani, injini ya lita 2.0 yenye turbo, gia tano za mkono. Ndilo gari linalonipeleka kazini, na wikendi nalipeleka kwenye mbio za dragi, zile za mita 402 za kunyooka. Mwezi uliopita karatasi yangu ilisoma hivi: kuitikia taa 0.912, mita 18 sekunde 2.34, mita 201 sekunde 10.08, mita 402 sekunde 15.42, mwendo wa mwisho kilomita 150 kwa saa. Nataka kuingia kwenye sekunde 13. Gari halijaguswa ila ekzosi ya nyuma na ile vali inayolia pshhh. Nina akiba ya laki tatu. Jamaa mmoja wa spea ana turbo ya STI na anataka nimpe dipoziti wiki hii. Nimpe?"

Usimpe, ndugu yangu. Turbo ya STI, lile toleo kali zaidi la Impreza, si mbaya, nitaizungumzia mwishoni. Lakini karatasi uliyoniandikia inasema wazi kwamba muda wako unapotelea kwenye mita 18 za kwanza, na hapo turbo kubwa haikusaidii. Inaweza hata kukurudisha nyuma.

Wengi wakipewa ile karatasi ya muda baada ya mbio huangalia mstari mmoja tu, ule wa muda wa mita 402, kisha huikunja na kuitia mfukoni. Kumbe mstari huo peke yake haukuambii la kufanya. Mwendo wa mwisho ndio unaokuambia injini ina nguvu kiasi gani. Muda ndio unaokuambia nguvu hiyo umeitumiaje. Dereva akiondoka vibaya, muda wake utaharibika sana lakini mwendo wa mwisho utapungua kidogo tu, kwa sababu mwanzo mbaya hauinyang'anyi injini nguvu zake za farasi. Ndiyo maana mimi huanza kusoma upande wa mwendo.

Kuna hesabu ya zamani ya wana-dragi inayotumika kote. Chukua uzito wa gari likiwa na dereva na mafuta, kwa kilo. Chukua mwendo wa mwisho, ugawe kwa 289, halafu jibu ulizidishe lenyewe kwa lenyewe, na kwa lenyewe tena. Zidisha na uzito, unapata farasi. Gari lako pamoja nawe tuseme ni kilo 1,430. Kilomita 150 ukigawa kwa 289 ni kama 0.519; 0.519 × 0.519 × 0.519 ni kama 0.14, ukizidisha na 1,430 unapata farasi 200 hivi. Sasa geuza upande wa pili: gawa uzito kwa farasi, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, zidisha na 7.58. Inatoka 14.6.

Yaani gari lako, kama lilivyo leo bila kuguswa bolti, lina nguvu ya kukimbia 14.6. Wewe umekimbia 15.42. Hizo nane za kumi za sekunde tayari ni zako, umeziacha tu barabarani. Hakuna turbo ya laki tatu itakayokupa nane za kumi kwa urahisi kuliko hizo.

Zimeachwa wapi? Mita 18 kwa sekunde 2.34 ni mwendo wa gari linaloenda sokoni. WRX yenye magurudumu manne yanayovuta, hata kwa tairi za kawaida, ingepaswa kuwa karibu na 1.9. Na kila moja ya kumi unayookoa kwenye mita 18 hukurudishia moja na nusu hadi mbili za kumi kule mwisho, kwa sababu aliyeondoka vizuri hatangulii kwa muda tu, anapita alama ya mita 18 akiwa na kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo anaenda nayo. Ukitoka 2.34 hadi 1.9 umeokoa kama saba za kumi hadi nane na zaidi kidogo. Hesabu mbili tofauti zinakupeleka mahali pamoja.

Na ile 0.912 ya kuitikia taa iache kabisa kwa sasa. Saa ya mita 402 haianzi taa ikiwaka kijani, inaanza gurudumu lako la mbele likiachia mwale wa mwanga ulio kwenye mstari wa kuanzia. Unaweza kulala hapo sekunde tatu na muda wako usibadilike. Itakuhusu siku unashindana na mtu ubavuni. Kuna jambo dogo la bure hapo hapo: usisogee mbele sana kwenye mstari. Taa ya pili ya kujipanga ikiwaka tu, simama. Gurudumu litakuwa na kama sentimita 30 za kusogea kabla saa haijaanza, na gari linaloanza kuhesabiwa likiwa tayari linasonga hupata muda mzuri zaidi. Wanaosukuma pua hadi mwisho wa mwale wanajinyima wenyewe.

Sasa kwa nini gari lako linaondoka kivivu? Hapa inabidi tuzungumzie Nakuru. Mji wenu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 81 ya lile la Mombasa. Injini yenye turbo hujitetea, maana turbo inasukuma hewa zaidi, lakini hujitetea pale tu turbo inapokuwa imeshaamka. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika lita mbili zako ni injini ya kawaida isiyo na turbo, inavuta hewa nyembamba, na mbele yake kuna kilo 1,430 na magurudumu manne yaliyoshika lami barabara. Ukiachia klachi kwenye 2,500, mizunguko inaanguka, turbo inalala, na gari linakaa kama sekunde nzima likijikusanya. Hiyo ndiyo 2.34 yako. Jirani yako mwenye gari la kuvuta nyuma atazungusha tairi na turbo yake itabaki macho. Wewe huna bahati hiyo.

Kwa hiyo mazoezi yako ya kwanza ni mguu wa kushoto. Panda mizunguko hadi 4,500 na uishike hapo bila kuyumba. Taa ya mwisho ya njano ikiwaka, achia klachi hadi pale unapohisi gari limeinama nyuma na linataka kwenda, kisha mguu usitoke wote. Uache klachi iteleze kwa kama mita nane au kumi huku mguu wa kulia umekanyaga hadi chini. Macho yako yako kwenye mshale: usiuache ushuke chini ya 3,500. Mshale ukianguka, umeachia haraka mno. Ukipanda hadi 6,500 na gari haliendi, umechelewa kuachia. Utasikia harufu, ni kawaida. Ukishafanya mara mbili tatu mfululizo, iache klachi ipoe, kwa sababu klachi iliyochemka hubadilisha mahali inaposhika na kila ulichojifunza kinapotea.

Usifanye kile unachokiona kwenye video, mtu anapanda hadi 6,000 kisha anauvuta mguu pembeni ghafla. Gia boksi ya gia tano ya WRX inajulikana dunia nzima kwa udhaifu wake, Wamarekani huifananisha na glasi. Haifi kwa sababu ya farasi, inakufa kwa sababu ya mshtuko. Ukiifungua iliyokufa utakuta gia ya kwanza, ya pili au ya tatu imekatika meno mawili au matatu yaliyofuatana, mapya, yanang'aa mahali yalipovunjikia, na mengine yote hayana hata mkwaruzo. Meno hayo yalikatwa siku moja, kwa kishindo kimoja.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokuambia ununue tairi laini za mashindano kwanza. Kwa gari la kuvuta mbele au nyuma, tairi ndiyo pesa ya kwanza kutumia, sina ubishi. Kwa WRX ya gia tano, tairi inayoteleza kidogo wakati wa kuondoka ndiyo inayoiokoa gia boksi. Ukiifunga isiteleze kabisa, nguvu ya mshtuko itatafuta mahali pengine pa kutokea, na mahali hapo ni meno ya gia. Unachohitaji ni tairi nzuri za barabarani, nne zinazofanana, zenye kina kimoja, maana magurudumu yakitofautiana mzingo difu ya kati ya Subaru inafanya kazi muda wote hata kwenye njia iliyonyooka. Upepo wa tairi upunguze kidogo tu, kutoka PSI 32 hadi 28 kwa mfano, na uurudishe kabla ya kuingia barabara kuu.

Kama tairi zako ni za mtumba, na wengi wetu ndizo tunazonunua, pinda chini usome ubavuni zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Halafu tafuta herufi ya mwendo baada ya namba ya mzigo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Tairi yenye kashata nzuri lakini umri wa miaka kumi haiendi kwenye mbio, hata ukiiona inang'aa. Muuzaji aliipaka dawa ili ing'ae.

Ukishaondoka vizuri, kinachofuata ni kubadilisha gia. Utabadilisha mara tatu kabla ya mita 402, na kila mara gari linasukumwa na kasi yake tu wakati shinikizo la turbo linashuka. Anayechukua nusu sekunde kila badiliko na anayechukua sekunde moja wanapishana pakubwa mno kwa jambo lisilogharimu shilingi. Jizoeze gari likiwa limezimwa, hata kwenye maegesho ya kazini, mkono na mguu vizoeane. Usibadilishe bila klachi na usiuvute mkono kwa hasira kwenda gia ya tatu, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Turbo ndogo ya kiwandani huishiwa pumzi kuelekea mwisho wa mshale, hivyo jaribu kubadilisha kwenye 6,300, kisha 6,600, uone karatasi inapenda ipi.

Kisha uzito. Kilo 45 ni kama moja ya kumi ya sekunde kwa gari la aina yako. Naomba uniambie ukweli: nyuma kwenye buti kuna spika ya besi? Subaru nyingi za huku ninazozifungua zina sanduku la mbao linalotikisa vioo, na sanduku hilo pamoja na amplifaya yake linapita kilo 30. Siku ya mbio liache nyumbani, pamoja na gurudumu la akiba, jeki, na kila kilichojaa chini ya viti. Kiti cha nyuma hutoka kwa bolti chache. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Tangi lako la lita 60 likijaa ni kilo 45 peke yake. Ingia na lita 15. Usishuke hadi taa ya mafuta iwake, kwa sababu gari likiondoka kwa nguvu petroli hukimbilia nyuma ya tangi, pampu ikavuta hewa, na injini yenye turbo ikikosa petroli kwa sekunde moja tu ikiwa imebeba mzigo, pistoni inaweza kuharibika. Rimu za inchi 18 za chuma kizito nazo ni adui. Zile za kiwandani ni nyepesi kuliko nyingi za urembo.

Kitu kimoja usikiguse: usitoe vyuma vya ndani ya milango, mikanda wala mifuko ya hewa kutafuta wepesi. Gari hili Jumatatu linakwenda kazini.

Hapo umefika, bila kununua kitu kikubwa, kwenye 14.5 au 14.6. Sasa ndipo tufungue pochi, na shilingi za kwanza ziende kwenye afya. Gari la miaka zaidi ya ishirini haliongezewi nguvu kabla ya kupimwa. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Ninachotafuta ni zilingane, silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine simama hapo hapo. Mwambie fundi ajaze hewa kwenye mfumo wa turbo injini ikiwa imezimwa na apulize maji ya sabuni kwenye kila mpira na kibano, hasa ile mipira miwili ya intakula, kipoza hewa ya turbo, iliyo juu ya injini. Mpira uliochanika chini hauonekani, na unakunyima shinikizo kila siku huku ukilaumu turbo. Badilisha plagi, filta ya petroli, na pima pampu. Kipimo cha oili kiangalie kila unapojaza mafuta, maana injini hizi hula oili na turbo hufa haraka kwa kukosa oili kuliko kwa kusukumwa.

Ukiwa hapo, ondoa ile vali inayolia pshhh na urudishe ya kiwandani. Najua utanichukia. Lakini Subaru hupima hewa mlangoni, kwenye sensa iliyo baada ya filta, na kompyuta inamwaga petroli kwa hewa iliyokwisha kuihesabu. Vali ya kiwandani hurudisha hewa ile ndani ya bomba. Yako inaitupa nje. Kwa hiyo kila unapobadilisha gia, petroli imemwagwa kwa hewa ambayo haipo tena, injini inakohoa moshi mweusi na inachelewa kushika. Mara tatu kwa kila mbio. Ile sauti ni tamu, nakubali, lakini inakula muda wako.

Kwa sababu hiyo hiyo ya sensa usidanganywe na filta ya koni yenye bomba jipya. Ukiongeza upana wa bomba mahali sensa ilipo, kompyuta inasoma hewa pungufu, inamwaga petroli pungufu, na injini inakwenda kavu ikiwa imebeba mzigo mkubwa. Boksi la filta la kiwandani linatosha kwa nguvu unayoitafuta. Weka filta mpya ya karatasi, funga, sahau.

Baada ya afya, fungua njia ya moshi. Bomba linalotoka kwenye turbo kwenda chini ndilo linaloibana WRX kuliko kitu kingine, na ekzosi ya nyuma uliyokwisha kuweka haina faida kubwa mpaka bomba hilo nalo libadilishwe, liwe la inchi tatu. Lakini ukilifunga bila kuandika upya mpango wa kompyuta ya injini, turbo inaweza kupanda juu kuliko ilivyopangiwa, kwa hiyo bomba na kompyuta vinunuliwe pamoja, siku moja.

Kuandika kompyuta ndiko kutakakokupa farasi wengi kwa pesa kidogo, na ndiko kutakakoiua injini yako ukikosea fundi. Gari lako lilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Injini ya turbo ikipewa oktani ndogo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, tunasema inagonga, na pistoni hupasuka kwenye vile vijia vya ringi. Subaru ina sikio la kusikia kugonga huko, na ikisikia inarudisha taimingi, yaani wakati wa kuwasha cheche, nyuma na kukunyima nguvu. Kuna namba ndani ya kompyuta inayoitwa IAM, inayoonyesha kompyuta inaruhusu taimingi kiasi gani: ikiwa kamili ni 1.0 au 16, kutegemea aina ya kompyuta. Kabla hujamlipa mtu yeyote, mwambie akusomee namba hiyo. Kama iko nusu, injini yako inagonga tayari, na farasi wako wengine wamelala hapo.

Hilo linanikumbusha jambo ninaloliona sana kwenye foleni ya mbio: vijana wanachomoa betri ili kompyuta "isahau" na gari liwe jepesi. Kwa Subaru unajiumiza. Ukichomoa betri namba hiyo hurudi chini na injini inaanza kujifunza upya pole pole. Umeingia kwenye mstari na gari lenye woga.

Fundi wa kompyuta umpime kwa maswali, si kwa picha za magari aliyoyashughulikia. Muulize kama atatumia kipimo cha moshi cha kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli wakati gari linavuta kwa nguvu zote. Jibu unalotaka ni ndiyo, na kwa turbo ya petroli mchanganyiko uwe karibu na 11 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli. Muulize kama atarekodi kugonga. Muulize ataandika kwa petroli ipi, halafu petroli hiyo ndiyo utakayoitumia siku zote. Anayekuandikia mpango alioupakua wa gari la Uingereza, mahali pa chini karibu na bahari, na kukurudishia ufunguo baada ya dakika ishirini, mlipe nauli yake umwache.

Shinikizo la turbo nalo usilisome kwa macho ya watu wa pwani. Saa ya turbo ikisoma baa 1.0 Mombasa, ndani ya injini kuna baa 2.0 kamili, kwa sababu hewa ya nje nayo inaongeza baa 1.0. Nakuru baa 1.0 hiyo hiyo ni 1.81 tu. Ili ufike 2.0 kamili turbo yako inabidi iikandamize hewa karibu mara mbili na nusu, badala ya mara mbili. Inazunguka kasi zaidi, inachemsha hewa zaidi, na hewa ya moto ndiyo inayoleta kugonga. Ndiyo sababu kompyuta ya kiwandani hushusha shinikizo ikiona uko mlimani, na ndiyo sababu farasi 250 waliotangazwa Japani wewe umeona 200. Gari si gonjwa. Mwinuko unakula haki yake.

Usidhani ni ninyi tu. Marekani kulikuwa na uwanja maarufu, Bandimere, pale Morrison karibu na Denver, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,770, uliofungwa baada ya msimu wa 2023. Kila mtu aliyefika hapo kutoka pwani alikimbia polepole kuliko kwao, na chama chao cha NHRA kina namba za kusahihisha muda kwa viwanja vya juu kama huo. Kwa hiyo ukimwona mtu wa Dubai au wa Mombasa anajisifu 13.2 kwa WRX kama yako, usinunue vitu kumfuata. Jilinganishe na karatasi yako ya jana na magari ya hapo hapo.

Joto litakuuma vilevile. Intakula yako imelala juu ya injini, na ukikaa kwenye foleni nusu saa injini ikinguruma inageuka jiko. Zima injini, fungua boneti, sukumeni gari kwa mkono. Kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya intakula kwa dakika kumi kabla ya zamu yako husaidia kuliko mafuta yote ya chupa yanayouzwa getini. Na kama mnaruhusiwa kuchagua, kimbia asubuhi.

Ukiweka yote hayo, hesabu inakuwaje? Tuseme bomba na kompyuta vimekupa farasi 240 hapo hapo Nakuru, na uzito umeshuka hadi kilo 1,360. Ile hesabu yetu inatoa 13.5 na mwendo wa kilomita 162. Karatasi huwa na ukarimu kuliko barabara, hivyo mimi ningekutegemea kwenye 13.8 au 13.9. Uko kwenye 13 yako, turbo ni ile ile, na laki tatu haijaisha yote.

Sehemu inayobaki itumie kwenye kusimama. Ukivuka mstari kwa 162 unahitaji breki: badilisha oili ya breki, hiyo ya zamani ina maji ndani na inachemka. Pedi mpya mbele. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo. Kofia ngumu ya mashindano ni lazima. NHRA wanaidai kwa yeyote anayekimbia 13.99 au chini yake, na wewe ndipo unapoelekea. Siku utakayofika 11.49 wanadai na vyuma vya kulinda paa kwa gari la umri wa hilo lako. Haya yote ni ya uwanjani au barabara iliyofungwa kwa kibali, yenye nafasi ya kutosha ya kusimama. Thika Road saa nane za usiku si mahali pa kujaribia klachi, na mtu akiniletea gari la kutengeneza kwa ajili ya huko simpokei.

Sasa turbo ya yule jamaa. Turbo nyingi za STI, zinazotengenezwa na IHI, hufunga kwenye injini yako bila kukata chuma, hilo atakuambia na ni kweli. Asichokuambia ni kwamba huamka baadaye kuliko yako. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kuondoka, na anaishi mahali ambapo hewa tayari ni nyembamba, amenunua mwanzo mbaya zaidi. Itataka injekta kubwa, pampu kubwa, kuandikwa upya kwa kompyuta, na baada ya hapo klachi. Kufika 12.5 kwa kilo 1,360 unahitaji farasi kama 300, na farasi 300 kwenye gia boksi yako ya gia tano ni suala la lini itakufa. Watu huishia kuweka gia boksi ya gia sita ya STI, ambayo inakuja na difu yake ya nyuma kwa sababu lazima ziendane, na laki tatu hapo haifiki mbali.

Kama baada ya msimu mmoja bado unaitaka, nenda na tochi. Vua bomba la kuingizia hewa, shika nati ya katikati kwa vidole viwili. Isukume ndani na uivute nje: isisogee kabisa. Itikise kando: nyingine hucheza kidogo, ni kawaida, lakini bawa lisiguse ukuta. Angalia ncha za mabawa kwa tochi, zilizobonyea zimekwisha kumeza kitu. Kisha chungulia upande wa moshi utafute oili mbichi. Akikukataza kuifungua kabla ya kulipa, umeshapata jibu lako.